Injini imenoki? Tafuta kwanza ilipokwama

Gari limepanda Kitonga na mzigo, mshale wa joto ukapanda nalo, na karibu na kileleni injini ikakata. Dereva anasubiri nusu saa, anazungusha ufunguo: "tak" moja, taa za dashibodi zinafifia, kimya. Gari linapoingia Iringa mjini nyuma ya gari la kuvuta, hukumu imeshatolewa na kila aliyelitazama: injini imenoki, tafuta nyingine.

Neno kunoki limebebeshwa mambo mengi mno. Fundi mmoja akilisema ana maana metali za konrodi, yaani beringi laini za mikono inayounganisha pistoni na kranki (shafti kuu ya injini), zimeungua na zinagonga. Mwingine ana maana pistoni imeng'ang'ania silinda. Mwenye gari anaelewa tu kwamba haizunguki. Na kati ya injini zisizozunguka, zipo ambazo kilichokwama hakimo ndani ya injini kabisa. Hata kikiwa ndani, namna kilivyokwama ndiyo inayoamua kama unahitaji injini nyingine, kazi ya hedi (sehemu ya juu ya injini yenye valvu) peke yake, au lita moja ya ATF (oili ya gia za otomatiki) na subira ya siku nne.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza imekwama wapi na nini kimeikwamisha. Anayenunua injini bila jibu la swali hili la pili mara nyingi hulipa mara mbili, kwa sababu rejeta iliyoua injini ya kwanza bado imefungwa palepale mbele ya gari.

Anza nje, ingia ndani polepole

Pima betri kwanza. Betri nzima iliyopumzika husoma volti 12.6 hivi, ikisoma 12.2 imebaki na nusu ya chaji. Mtu akizungusha ufunguo, volti zisishuke chini ya 9.6. Zikiporomoka zaidi ya hapo, ama betri imechoka ama stata inasukuma kitu kisichosogea. Jaribu kwa betri nyingine nzima mara moja tu, sekunde mbili au tatu. Kurudia mara kumi kunaunguza stata na nyaya zake, na unakuwa umeongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

Kisha weka jiwe nyuma ya tairi, vuta hendibreki, gia iwe huru (otomatiki iwe N), toa waya hasi wa betri, na utafute bolti kubwa ya puli ya kranki. Kwa magari mengi madogo ni soketi ya 17, 19 au 22. Tumia mpini wa sentimita 50 hadi 60, uzungushe kuelekea upande ambao injini huzungukia ikiwaka. Kwa injini nyingi ni upande wa mshale wa saa ukiitazama kutoka kwenye puli, ila baadhi ya Honda za zamani zinazunguka kinyume. Kulazimisha upande usio wake kunaweza kulegeza bolti au kurusha mkanda wa taimingi meno kadhaa.

Ikizunguka mizunguko miwili kamili, injini haijakwama. Ni miwili kwa sababu kila silinda humaliza kazi zake nne katika mizunguko miwili ya kranki, mmoja hautoshi. Kuhisi ugumu unaokuja na kuachia ni kompresheni, yaani hewa inayobanwa na pistoni, na ni dalili njema. Hapo tatizo liko kwenye stata, betri, nyaya au ethi, na maneno ya injini mpya yaishe, isipokuwa kama gari lilikata kwa joto: hilo lina sehemu yake hapo chini.

Ikigoma, fungua mkanda wa feni ujaribu tena. Alteneta, pampu ya maji au kompresa ya AC ikikwama inaweza kuishikilia injini nzima, na kila moja inajulikana kwa kuzungusha puli yake kwa mkono. Ikigoma bado, fungua stata. Kwa kawaida hushikwa na bolti mbili tu. Jino la stata linaweza kubaki limeng'ata flaiwili (gurudumu zito la meno nyuma ya kranki), na ukiitoa injini inazunguka kama haikuwahi kuugua. Hatua hizi hazichukui hata saa mbili. Fundi anayeziruka na kwenda moja kwa moja kwenye bei ya injini hajafanya uchunguzi bado.

Maji juu ya pistoni

Sasa toa plagi zote. Kwenye dizeli toa nozeli au hita plagi. Funika matundu kwa kitambaa, weka uso mbali, halafu zungusha tena kwa mkono, kamwe si kwa stata.

Yakiruka maji, umepata jibu muhimu. Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni inayopanda ikakuta maji juu yake inasimama, na kama injini ilikuwa kwenye kasi, konrodi ndiyo inayopinda. Masika ya Mbeya na Tukuyu huleta kesi hizi kwa njia mbili: gari limepita kwenye dimbwi au mto, na bomba la hewa likavuta maji, au gasketi ya silinda hedi imepasuka na maji ya rejeta yameshuka silindani gari likiwa limelala usiku. Vua kichujio cha hewa ukitazame. Kikiwa kimelowa, maji yametoka nje. Kikiwa kikavu na rejeta imepungua, yametoka ndani.

Injini ikiwa huru baada ya maji kutoka, usishangilie mapema. Ingiza kijiti chembamba kisicho cha chuma kigumu kwenye tundu la kila plagi, pandisha pistoni hadi mwisho wake wa juu, weka alama, linganisha silinda zote. Pistoni moja ikiwa chini ya wenzake hata kwa milimita moja, konrodi yake imepinda. Injini kama hiyo inaweza kuwaka na hata kutembea, lakini ipo siku konrodi itakatika na kutoboa bloku. Dizeli huumia zaidi kwa sababu nafasi iliyobaki juu ya pistoni ni ndogo sana. Maji kidogo tu yanatosha.

Oili ndiyo shahidi

Injini iliyogoma hata bila plagi imekwama ndani kweli. Hapa mikono husema mengi. Ikisogea nyuzi chache au nusu mzunguko kisha ikagonga na kusimama kwa ghafla, kitu kigumu kimezuia kitu kigumu: mara nyingi mkanda wa taimingi umekatika na pistoni imekutana na valvu, au kipande kimeanguka ndani. Toyota 3L na 5L za Hiace na 1HZ ya Land Cruiser zote zina mkanda, na kwa dizeli mkanda ukikatika valvu haziponi. Fungua kava ya mkanda uangalie. Ni bolti chache. Habari njema ni kwamba uharibifu wa namna hii mara nyingi unaishia kwenye hedi: valvu, na mara nyingine kamshafti. Bloku na kranki zinaweza kuwa nzima kabisa.

Isiposogea hata kidogo, kama imechomelewa, fungua oili. Usiimwage tu kwenye beseni. Ipitishe kwenye kitambaa cheupe, kisha kata kichujio cha oili, ukunjue karatasi yake juani. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji. Vumbi linalong'aa kama fedha ni alumini ya pistoni au tabaka la juu la metali. Ukiona rangi ya shaba, metali zimelika hadi ndani. Chembe zinazovutwa na sumaku ni chuma: kranki, kamshafti, ringi au gia za pampu. Oili nyeusi inayonata kama lami chini ya mfuniko inakuambia haikubadilishwa kwa muda mrefu, na njia zake zimeziba.

Hakikisha kwa kushusha sampu, beseni la oili lililo chini ya injini. Konrodi iliyokosa oili hujitambulisha yenyewe: inakuwa ya buluu au nyeusi pale inaposhika kranki, tofauti na wenzake wa kijivu. Hiyo ndiyo kunoki yenyewe. Metali imeyeyuka, imezunguka kwenye kiti chake na kukumbatia kranki. Inatokea hivi kwa sababu kranki haigusi metali gari likitembea. Inaelea juu ya utando wa oili ulio mwembamba kuliko unywele. Taa nyekundu ya oili ikiwaka barabarani, utando huo umeshaanza kukatika. Zima hapo hapo, hata kama unaiona gereji kwa macho. Kilomita mbili zinatosha kugeuza kazi ya pampu ya oili kuwa kazi ya kranki.

Joto, na kosa la milimani

Pistoni ni ya alumini, silinda huwa ya chuma cha kalibu, na alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma hicho. Nafasi kati yao katika injini ya kawaida ni sehemu za mia chache tu za milimita. Maji yakikauka, pistoni inatanuka hadi nafasi inakwisha, inasugua ukuta, inashika. Ikipoa inasinyaa na kuachia. Ndiyo maana gari lililokufa Kitonga saa nane mchana linaweza kuzunguka vizuri kesho yake asubuhi, na mwenyewe akaambiwa "imepona". Haijapona. Ukuta umechanika mistari ya wima, ringi zimelegea, na hedi huenda imepinda. Ukipata kamera ndogo ya kuingiza kwenye tundu la plagi, mistari hiyo utaiona wazi.

Nyanda za juu zina jambo lake hapa. Maji hayachemki kwa nyuzi 100 Mbeya. Mji uko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kitulo, juu ya mita 2,600, ni karibu 91. Kinachookoa ni mfuniko wa rejeta, kwa sababu unashikilia presha. Mfuniko wenye alama 0.9 ukiwa mzima hupandisha kiwango cha kuchemka Mbeya hadi nyuzi 115 hivi. Mpira wake ukikauka, maji yanachemka hata kabla feni za umeme za magari mengi hazijaanza kuzunguka. Kipande cha bei ndogo kinaua injini, na bado watu hubadilisha injini bila kukigusa. Hili linatuuma, maana linazuilika.

Baada ya joto kali, pima kompresheni: injini ikiwa na uvuguvugu, plagi zote nje, aksilereta imekanyagwa mwisho. Na hapa kuna kosa linalofanyika sana milimani: fundi anasoma psi 150 kwenye geji, kitabu kinasema 180, anatangaza injini imekwisha. Kitabu kimeandikwa kwa usawa wa bahari. Hewa ya Mbeya ina kama asilimia 82 ya mgandamizo wa pwani, kwa hiyo 150 Mbeya ni karibu sawa na 180 Dar es Salaam. Linganisha silinda kwa silinda badala yake. Tofauti ikizidi asilimia 15 kuna ugonjwa. Mimina kijiko kimoja cha oili kwenye silinda dhaifu upime tena. Ikipanda, ringi au silinda imelika. Isipopanda, tafuta kwenye valvu au gasketi. Hedi ikitolewa, ilazwe rula ya chuma na kupitishiwa fila geji (vibao vyembamba vya kupimia mwanya). Kwa injini nyingi ndogo, mpindo unaozidi milimita 0.05 unahitaji mashine.

Gari lililolala muda mrefu

Gari lililosimama miaka mitatu uani Njombe au Makete, kwenye ukungu na baridi, linaweza kukwama kwa kutu kati ya ringi na silinda. Hii ndiyo kesi yenye matumaini kuliko zote, na pia ndiyo inayoharibiwa zaidi na haraka. Changanya dizeli na ATF nusu kwa nusu, mimina mililita 50 hadi 100 kwenye kila silinda, acha. Kila siku jaribu kutikisa kranki kidogo mbele na nyuma, bila kuning'inia kwenye mpini. Siku nne, hata wiki. Kulivuta gari likiwa kwenye gia ili "liamke" kunavunja ringi zilizoshikwa na kutu.

Likiachia, zungusha kwa mkono, kisha kwa stata plagi zikiwa nje hadi mchanganyiko wote uruke, na ubadilishe oili kabla ya kuwasha, kwa sababu sehemu ya ule mchanganyiko imeshuka hadi kwenye sampu. Angalia pia kama ndani kulikuwa na maji matupu: usiku wa barafu huyagandisha, na bloku inaweza kupasuka. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi haigandi kwa baridi yoyote ya huku.

Kufufua au kubadilisha

Ukishajua kilichokwama, uamuzi hupungua ukubwa. Uharibifu wa hedi peke yake karibu kila mara ni wa kutengeneza. Kranki iliyochubuka kidogo inasagwa na kuvalishwa metali nene zaidi za saizi ya milimita 0.25 au 0.50. Silinda ya chuma iliyochanika inatobolewa au kuwekwa silivu (bomba jipya la ukuta wa silinda). Bloku iliyotobolewa na konrodi, au iliyopasuka, imekwisha.

Kati ya hapo, aina ya injini ndiyo inayoamua. 5L na 1HZ zina bloku nzito za chuma, ringi, metali na gasketi zake si za kutafuta kwa tochi, na zimetengenezwa zivumilie kufunguliwa. Kwa hizo tungefufua, mradi mashine iwe nzuri na vipimo vichukuliwe kwa maikromita, si kwa kukisia. Injini ndogo za bloku ya alumini kama 1NZ-FE ya Toyota ni habari nyingine: silivu zake ni nyembamba na hazikukusudiwa kutobolewa, na injini za mtumba kutoka Japani zipo nyingi. Silinda zikichanika, kubadilisha kuna akili zaidi. Kwa injini adimu za Ulaya, piga simu za vipuri kwanza kabla ya kufungua bolti hata moja. Gari lililofunguliwa likasubiri ringi miezi sita hupoteza bolti, sensa na thamani.

Bei ya injini ni sehemu tu ya gharama. Andika zote: injini, kuvuta gari, ufundi, oili mara mbili, kichujio, kulanti, mountingi, sili ya nyuma ya kranki, themostati, pampu ya maji, mkanda, kusafisha au kubadilisha rejeta. Jumla ikizidi nusu ya bei ambayo gari hilo hilo lingeuzwa likiwa zima, sisi tungeliuza lilivyo, isipokuwa bodi ni safi na historia yake unaijua.

Injini ya mtumba inapofikiwa

Usinunue injini usiyoizungusha kwa mkono. Toa plagi, tazama ndani kwa tochi. Fungua mfuniko wa oili: kahawia nyepesi ni sawa, lami nyeusi iache. Omba ipigwe stata ikiwa chini na kompresheni ipimwe mbele yako. Halafu linganisha na ya zamani kitu kwa kitu, maana jina moja halimaanishi injini moja: 1NZ-FE za mwanzo zina waya wa aksilereta, za baadaye ni za umeme, sampu ya gari la kuvuta magurudumu yote inaweza isikae kwenye la kuvuta mbele, ya otomatiki haiji na flaiwili ya manyuo. Ichukue pamoja na nyaya na sensa zake. Makubaliano ya kurudisha yaandikwe kwenye risiti, pamoja na idadi ya siku.

Hakikisha namba ya injini inasomeka, na uipige picha kabla haijaingia kwenye gari, kwa sababu ikishafungwa wakati mwingine haionekani. Namba hiyo imo kwenye kadi ya gari, kwa hiyo badiliko linatakiwa kufika TRA, na risiti ya ununuzi ndiyo ushahidi wako kwamba injini haikuibwa.

Kama ya kwanza ilikufa kwa metali, usihamishe kipoza oili chake kwenda kwenye mpya. Chembe hujificha humo na haziishi kwa kuoshwa. Mabomba ya oili ya tabo yaoshwe na kupulizwa. Kabla ya kuwasha, katisha mafuta au toa plagi, piga stata sekunde kumi, pumzisha nusu dakika, rudia hadi taa ya oili izimike. Ndipo urudishe plagi, uwashe, utoe hewa kwenye maji huku hita ya ndani ikiwa imefunguliwa hadi mwisho.

Injini iliyofanyiwa ovahoo isibebe mzigo kwa kilomita 500 za mwanzo, na oili yake ya kwanza imwagwe hapo. Ya mtumba ijaribiwe mapema, gari likiwa tupu: toka Uyole panda barabara ya Tukuyu hadi Isongole, jicho kwenye mshale wa joto. Ukirudi, acha ipoe kabisa, fungua rejeta. Maji yakiwa yamepungua, hata nusu lita, usilikabidhi gari hilo kwa safari ya Kitonga bado, yatafute yalikokwenda.